MPUNGA NA MUWA KATIKA BONDE LA KILOMBERO
Jinsi protini ifungayo hewa ya ukaa inavyotolewa katika jani na kusomwa

Barabara itokayo Mikumi kwenda Ifakara huvuka mto Ruaha Mkuu hapo Kidatu. Huku na huku ya mto huo yameenea mashamba ya miwa ya kiwanda cha sukari cha Kilombero, pamoja na yale ya wakulima wadogo wanaokiuzia kiwanda hicho. Kuanzia hapo barabara hufuata miguu ya milima ya Udzungwa, na kadiri inavyokaribia Ifakara ndivyo miwa inavyopungua na mpunga unavyotawala. Mimea hii miwili ni ya ukoo mmoja, ukoo wa nyasi. Hupata jua lile lile na huvuta hewa ile ile. Hata hivyo, katika joto la bonde hili, jani la muwa huigeuza hewa ya ukaa, yaani kabonidioksaidi, kuwa sukari kwa wepesi ambao jani la mpunga haliwezi kuufikia.

Kila mwanafunzi wa sekondari hufundishwa kwamba mmea hutumia nuru, maji na hewa ya ukaa kujitengenezea chakula, na kwamba kazi hiyo huitwa usanisinuru. Aghalabu somo huishia kwenye umbijani, ile rangi ya kijani inayopokea nuru. Umbijani, hata hivyo, haugusi hewa ya ukaa hata kidogo. Anayeikamata hewa hiyo na kuifunga katika kiini cha sukari ni protini isiyo na rangi, kimeng'enya kiitwacho rubisko. Bila ya kukijua kimeng'enya hiki, tofauti ya mpunga na muwa haielezeki.

Protini iliyoonekana kabla ya kazi yake kujulikana

Mwaka 1947 Samuel Wildman na James Bonner, waliokuwa wakifanya kazi katika California, Marekani, walisaga majani ya spinachi, wakachuja maji yake, kisha wakazitenganisha protini zilizomo. Walitazamia kukuta mchanganyiko wa protini nyingi ndogo ndogo. Badala yake walikuta fungu moja kubwa likizidi mengine yote, wakaliita tu “protini ya fungu la kwanza”, kwa kuwa hawakujua linafanya kazi gani. Wakati huo huo Melvin Calvin, Andrew Benson na wenzao walikuwa wakifuatilia njia ya kaboni katika mwani kwa kutumia kaboni 14 yenye kutoa mnururisho. Wao walijua kwamba pana kimeng'enya kinachoifunga hewa ya ukaa, lakini hawakuwa nacho mkononi. Mwaka 1956 kimeng'enya hicho kilisafishwa kutoka majani ya spinachi na Weissbach, Horecker na Hurwitz, na muda si mrefu ikathibitika kuwa ndicho kile kile “fungu la kwanza” la Wildman. Hivyo makundi mawili yalikuwa yamekishika kitu kimoja kwa ncha mbili, kundi moja likijua umbo lake na jingine kazi yake. Jina rubisko lenyewe lilianza kama utani: David Eisenberg alilitunga mwaka 1979, katika mkutano wa kumwaga Wildman alipostaafu, akilifananisha na jina la kampuni ya biskuti ya Nabisco. Jina rasmi ni refu mno, na utani ukashinda.

Namna ya kukitoa ni ya kufikiriwa kwa makini, maana jani si mfuko wa protini tu. Seli inapopasuliwa, asidi, tanini na vimeng'enya vya kumeng'enya protini, ambavyo jani hai huvitenga, vyote humwagika pamoja. Kwa sababu hiyo majani husagwa yakiwa mabichi na katika baridi ya karibu nyuzi 4 za Sentigredi, ndani ya maji yenye chumvi zinazozuia uchachu usibadilike, pamoja na dawa za kunasa tanini. Asiyefanya hivyo hupata uji wa rangi ya kahawia, kama ule unaotokea tunda lililokatwa linapoachwa mezani. Maji yaliyochujwa huzungushwa kwa kasi kubwa katika mashine ya sentrifuji ili makapi na utando wenye umbijani vitue chini. Kinachobaki juu ni maji ya rangi ya manjano hafifu, na humo ndimo rubisko ilimo.

Baada ya hapo huongezwa chumvi ya amonia salfeti kidogo kidogo. Kila protini ina kiasi chake cha chumvi ambacho ikikifikia huacha kuyeyuka na kuganda. Rubisko nyingi huganda chumvi inapofikia baina ya theluthi moja na nusu ya kiasi ambacho maji yanaweza kukibeba. Mgando huo huyeyushwa tena na kupitishwa katika mrija mrefu uliojaa chembechembe za jeli zenye vitundu. Molekuli ndogo huingia katika vitundu hivyo na kuchelewa, ilhali molekuli kubwa hupita pembeni na kutangulia kutoka. Rubisko hutangulia, kwa maana uzito wake wa molekuli ni karibu 550,000, hali himoglobini ya damu haifiki 70,000. Kila tone litokalo hupimwa: hutiwa ile sukari ya kaboni tano ambayo rubisko huifanyia kazi, pamoja na hewa ya ukaa yenye kaboni 14, kisha huangaliwa ni kiasi gani cha kaboni hiyo kimefungwa. Tone lenye kufunga kaboni nyingi kwa kila gramu ya protini ndilo safi zaidi.

Protini iliyosafishwa hivyo ilionekana kuwa na minyororo kumi na sita, yaani minane mikubwa na minane midogo, iliyoshikana kama tofali za jengo moja. Hapo lilijitokeza jambo linalowahusu sana wazalishaji wa mbegu. Mwaka 1972 maabara ya Wildman ilichanganya aina mbalimbali za tumbaku na kugundua kwamba mnyororo mkubwa hurithiwa kwa mama peke yake, ilhali ule mdogo hurithiwa kwa wazazi wote wawili. Sababu ni kwamba jeni la mnyororo mkubwa halikai katika kiini cha seli bali ndani ya kloroplasti, na kloroplasti za tumbaku hupita kwa upande wa mama. Na katika mpunga vivyo hivyo: ua linalopokea chavua ndilo litoalo mnyororo mkubwa wa watoto wote.

Kuusoma mnyororo

Protini yoyote ni mnyororo wa asidi amino za aina ishirini zilizofuatana kwa mpango maalumu. Frederick Sanger wa Uingereza alikuwa wa kwanza kuusoma mpango wa protini nzima, nayo ilikuwa insulini. Kazi hiyo ilimalizika katika miaka ya 1950 na kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1958. Katika miaka hiyo hiyo Pehr Edman wa Uswidi alivumbua njia ya kuing'oa asidi amino ya mwanzo wa mnyororo, kuitambua, kisha kuing'oa ya pili, na kuendelea vivyo hivyo kama mtu anayepukusa hindi punje baada ya punje. Kila hatua hupoteza kidogo, na baada ya hatua chache za makumi matokeo huwa hayasomeki tena. Mnyororo mkubwa wa rubisko ya spinachi una asidi amino 475. Hauwezi kusomwa kwa mkupuo mmoja.

Kuna kizuizi kingine zaidi ya urefu. Mmea wenyewe huufunga mwanzo wa mnyororo huo. Asidi amino mbili za kwanza huondolewa, na ya tatu, ambayo ni prolini, huvikwa kofia ya asetili, hivyo dawa ya Edman haipati pa kushika. Ilimpasa mtafiti aukate mnyororo vipande vipande na kuusomea katikati.

Visu vya kukatia ni vya aina mbili au zaidi, na hapa ndipo penye werevu wa kazi yote. Tripsini, ambacho ni kimeng'enya cha utumbo, hukata baada ya kila lisini na kila ajinini. Bromidi ya sianojeni hukata baada ya methionini tu. Mfano halisi ni huu. Tripsini hutoa kipande kifupi chenye glisini, glisini, liusini, asidi aspatiki, fenilalanini, threonini, lisini. Hutoa pia kipande kingine kinachoanza na asidi aspatiki, asidi aspatiki, asidi glutamiki. Vikiwa ndani ya chupa pamoja na makumi ya vipande vingine, hakuna ajuaye kipi kilifuata kipi. Lakini bromidi ya sianojeni, ikitumiwa kwenye mnyororo mwingine ambao haujakatwa, hutoa kipande kirefu cha asidi amino 96, na ndani yake zile aspatiki mbili zimo mara tu baada ya ile lisini. Basi imejulikana kwamba vipande hivyo viwili vilikuwa jirani. Msomaji aliyewahi kuunganisha barua iliyochanwa, akiwa na nakala ya pili iliyochanwa mahali pengine, ameshaifahamu njia hii.

Mfano huo haukuchaguliwa kwa kubahatisha. Lisini iliyotajwa ni ya 201 katika mnyororo, nayo imo katika moyo wa kimeng'enya. Kabla rubisko haijaanza kazi, sharti molekuli moja ya hewa ya ukaa ijishike na lisini hiyo, kisha magnesiamu ije ikae hapo. Ndipo mlango unapofunguka. Lisini hiyo ipo katika spinachi, ipo katika mpunga wa Ifakara, na ipo katika muwa wa Kidatu.

Mnyororo mdogo wa spinachi, wenye asidi amino 123, ulisomwa kwa njia hii ya vipande na P. G. Martin wa Australia, aliyetangaza matokeo mwaka 1979. Kwa mnyororo mkubwa njia nyingine iliwahi. Ilipofika mwishoni mwa miaka ya 1970, kulisoma jeni kulikuwa kumekuwa rahisi kuliko kuisoma protini yenyewe, kwa kuwa kila herufi tatu za DNA huitaja asidi amino moja. Mwaka 1980 Lawrence Bogorad na wenzake walitangaza mpango wa jeni la mnyororo mkubwa wa mahindi, na mwaka uliofuata watafiti wa Canberra wakatangaza ule wa spinachi: herufi 1,425, bila ya kuhesabu tatu za kufungia. Mwaka 1989 Wajapani wakaisoma DNA yote ya kloroplasti ya mpunga. Siku hizi watu husema kana kwamba DNA imeziondolea kazi njia za zamani. Si kweli. Ile kofia ya asetili, na zile asidi amino mbili zinazoondolewa, hazimo katika jeni. Zilijulikana kwa kuichunguza protini yenyewe iliyotolewa katika jani.

Yale yaliyosomwa yana maana gani kwa mkulima

Mipango ya mimea mbalimbali ilipowekwa sambamba, ilidhihirika kwamba mnyororo mkubwa wa mpunga na ule wa nyasi za jamii ya muwa hutofautiana kwa asidi amino chache tu kati ya zaidi ya 470. Basi wepesi wa muwa unatoka wapi?

Jibu limo katika kasoro ya rubisko yenyewe. Kwanza ni mvivu. Vipo vimeng'enya vinavyofanya kazi mara mamia ya maelfu kwa sekunde moja, lakini rubisko ya mpunga hufunga molekuli tatu hivi tu. Mmea hufidia uvivu huo kwa wingi: karibu robo ya naitrojeni yote ya jani la mpunga imo katika protini hii moja. Mfuko wa yurea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Mkulima wa Mang'ula au Mngeta anayeumwagia mpunga wake yurea ananunua rubisko kwa sehemu kubwa, ingawa halijui jina hilo. Wala fedha yake haipotei jani linaponyauka. Suke linapoanza kujaa, mmea huivunja rubisko ya majani na kuihamishia naitrojeni yake kwenye punje. Umanjano wa shamba linaloiva ni alama ya uhamisho huo, na sehemu ya protini iliyomo katika sahani ya wali ilikuwa rubisko wiki chache kabla ya mavuno.

Kasoro ya pili ndiyo kubwa. Mwaka 1971 Bowes, Ogren na Hageman walionyesha kwamba rubisko huweza kuikosea hewa ya ukaa na kuikamata oksijeni. Kwa nyuzi 25 za Sentigredi hukosea karibu mara moja katika kila mara nne. Kila kosa huzaa kitu kisichofaa, ambacho mmea hulazimika kukirekebisha kwa gharama ya nguvu, na katika kurekebisha hupoteza kaboni iliyokwisha kufungwa. Joto likipanda, makosa huzidi, kwani hewa ya ukaa huyeyuka katika maji ya seli kwa upungufu unaozidi ule wa oksijeni, na kimeng'enya chenyewe huchagua vibaya zaidi. Ifakara iko chini ya mita 300 kutoka usawa wa bahari, na saa sita mchana joto la bonde huzidi sana nyuzi 25. Mpunga hulipa kodi hiyo kila siku ya jua kali.

Muwa haukuibadili sana rubisko, uliijengea nyumba. Watafiti wa Hawaii waliotangaza kazi yao mwaka 1965, na mara baada yao Hal Hatch na Roger Slack wa Brisbane mwaka 1966, waliupa muwa kaboni 14 wakakuta kwamba kitu cha kwanza kupata alama si asidi ya kaboni tatu, kama katika mwani wa Calvin, bali asidi za kaboni nne. Katika seli za nje za jani la muwa kuna kimeng'enya kingine, kisichoweza kuikosea hewa ya ukaa kwa oksijeni. Hicho hukamata kaboni na kuifunga katika asidi ya kaboni nne. Asidi hiyo hupenya mpaka kwenye seli nene zilizoizunguka mishipa ya jani, na humo huachia hewa ya ukaa. Rubisko ya muwa imefungiwa humo ndani, imezungukwa na hewa ya ukaa iliyosongamana mara nyingi kuliko ile ya nje, na oksijeni haipati nafasi. Zipo gharama za nguvu za kuiendesha pampu hiyo, lakini katika nchi ya jua gharama hizo hulipika.

Lingekuwa kosa kudhani kwamba sasa yatosha kuichukua rubisko ya muwa na kuipandikiza katika mpunga. Jaribio la namna hiyo limekwisha kufanyika kwa sehemu. Mwaka 2011 watafiti wa Japani walitangaza kwamba waliutia katika mpunga mnyororo mdogo wa mtama, ambao ni ndugu wa karibu wa muwa. Rubisko iliyopatikana ilifanya kazi kwa kasi zaidi, lakini uwezo wake wa kuishika hewa ya ukaa ulipungua. Rubisko ya muwa inaweza kuwa ya haraka na isiyo makini kwa sababu inaishi ndani ya nyumba iliyojaa hewa ya ukaa. Ikitolewa nje, haraka yake haifai kitu. Kwa hiyo wataalamu wa mradi wa kimataifa ulioanzia katika kituo cha utafiti wa mpunga nchini Filipino hawakuanza na kimeng'enya, bali na nyumba: wanajaribu kuupa mpunga umbo la jani la muwa pamoja na pampu yake. Kazi hiyo imechukua zaidi ya miaka kumi, na hakuna mkulima yeyote duniani aliyekwisha kupanda mpunga wa aina hiyo.

Wakati huo huo mazao ya Kilombero yamekuwa yakiongezwa kwa njia nyingine. Mbegu ya SARO 5, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 2002, ni fupi kuliko Supa, haianguki upesi ikitiwa mbolea, na hupeleka sehemu kubwa zaidi ya chakula chake kwenye suke. Rubisko yake ni ile ile ya mpunga. Njia za kusoma jeni nazo si ngeni katika mji wa Ifakara: katika taasisi ya utafiti wa afya, ambayo ilianza mwaka 1957 kama maabara ndogo ya Waswisi, hutumiwa kila mara kutambua aina za mbu wa malaria wasioweza kutofautishwa kwa macho. Kituo cha utafiti wa kilimo, kilichofahamika kwa miaka mingi kwa jina la KATRIN, kimo katika mji huo huo.

Zoezi la darasani

Shule isiyo na sentrifuji inaweza kuiona protini hii kwa kinu na jiko. Yachumwe majani machanga ya kunde asubuhi, kiasi cha gramu 200, yatwangwe upesi na maji baridi yenye chumvi kidogo, kisha yakamuliwe kwa kitambaa safi. Majani ya muhogo hayafai kwa sababu ya sumu na tanini zake. Mchicha wetu nao si chaguo zuri, kwa kuwa, tofauti na spinachi ya Ulaya ambayo vitabu hutafsiri kwa jina hilo hilo, ni mmea wa njia ya kaboni nne kama muwa, na rubisko yake ni haba.

Maji ya kijani yapashwe moto polepole ndani ya chombo kilichotiwa katika sufuria ya maji, kipimajoto kikiwa ndani yake. Yakifika baina ya nyuzi 55 na 60, mgando wa kijani utajitenga. Huo ni utando wa kloroplasti pamoja na umbijani. Yapoozwe mara moja, yaachwe yatue, yachujwe. Maji ya manjano yaliyobaki yapashwe tena mpaka nyuzi 80. Mawingu meupe yatatokea, na sehemu kubwa ya weupe huo ni rubisko. Kipande kidogo kikiwekwa katika maji ya soda kali na kutiwa matone machache ya salfeti ya shaba, rangi ya zambarau itathibitisha kuwa ni protini. Mwalimu aishike soda kali mwenyewe, maana huunguza ngozi na macho. Kimeng'enya kilichoganda hivyo kimekwisha kufa kama yai lililochemshwa na hakiwezi tena kufunga kaboni. Hiyo ndiyo sababu Wildman na wenzake walitumia chumvi na baridi badala ya moto.

Darasa lenye hadubini lifanye na jambo la pili. Jani la muwa au la mhindi lililokaa juani mchana kutwa lichemshwe katika maji, litolewe rangi kwa spiriti iliyopashwa moto ndani ya maji ya moto, mbali na ndimi za moto, kisha likatwe kwa wembe vipande vyembamba na kutiwa ayodini. Wanga utaonekana mweusi-buluu kwenye duara za seli zinazoizunguka mishipa, na seli za nje zitakuwa tupu au karibu tupu. Jani la mpunga lililokatwa vivyo hivyo halitaonyesha duara za namna hiyo.